Maji Yaliyoshuka Kutoka Kwetu

Watu wa mtaani kwetu wana maneno wanayoyasema kila mwaka mvua kubwa ya kwanza inapokatika. Wanatoka vibarazani, wanaitazama barabara iliyooshwa, wanasema, "Alhamdulillahi, mji umesafishika." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Siku hizi nikiyasikia maneno hayo hupandwa na hasira ambayo mtu wa umri wangu, aliyekalishwa chuo cha Kurani kabla hajang'oka jino la kwanza, hakupaswa kuwa nayo. Namshukuru Mungu kwa mvua, na nitaendelea kumshukuru. Lakini mji haukusafishika. Uchafu wake umeteremka tu, na mimi najua umeteremkia wapi.

Umeteremkia shuleni.

Mgeni anaweza kukaa Tabora wiki nzima asione mteremko wowote, lakini maji yanauona. Mtaa wetu uko juu kidogo, na katikati yake upo msikiti mdogo ambamo nimeswalisha kwa miaka mingi. Chini yake, mwendo wa kumaliza tasbihi moja kama huna haraka, ipo shule ya msingi ambako kila Jumatano nakwenda kufundisha kipindi cha dini. Kati ya msikiti na shule unapita mtaro. Mtaro huo haukuanza kwa kuchimbwa. Ni njia ya zamani ya misafara. Bibi yangu alinionyesha nikiwa mdogo, akaniambia kwamba wapagazi walioshuka na pembe kwenda pwani na waliopanda na nguo na shanga kwenda Ujiji walipita hapo, mmoja nyuma ya mwingine, miaka na miaka, mpaka nyayo zikauchimba mchanga. Mvua zilipokuja zikakuta njia imeshatengenezwa. Serikali nayo ilikuja baadaye, ikapanga mawe huku na huku, ikatia saruji pale ilipopenda, ikauita mtaro wa maji ya mvua.

Mwisho wa mteremko kipo kisima, au niseme kilikuwepo. Misafara ilipumzika hapo kwa ajili yake, na shule ilijengwa hapo kwa ajili yake. Kilikuwa kati ya ofisi ya walimu na darasa la kwanza, mdomo wake wa mawe umelainishwa na kamba. Bomba la mji shuleni linatoka siku linapojisikia, kwa hiyo uji ulipikwa kwa maji ya kisima, watoto walinawa kwa maji ya kisima, na mchana wa jua waliinama wakayanywa kwa viganja. Mimi mwenyewe nimeyanywa hapo nikiwa na kaptula. Nimeyatawadhia hapo nikiwa na ndevu nyeupe.

Jumatano moja, siku mbili baada ya mvua iliyotufungia ndani tangu adhuhuri mpaka magharibi, niliingia darasani nikakuta karibu nusu ya madawati matupu. Nikauliza wenzao wako wapi.

"Wanaharisha, shehe," akasema binti mmoja wa mbele.

"Na wewe juzi si ulikuwa unaharisha?" akadakia mwingine nyuma yake. "Tena ulikimbia ukaacha kiatu."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Kwa kicheko hicho najilaumu mpaka leo.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mama wa makamo, Mkatoliki, mzaliwa wa Ulyankulu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Rozari yake ilikaa juu ya meza karibu na daftari la mahudhurio, na sauti yake ilizoea kuongea na uwanja mzima hata akiwa na mtu mmoja. Tulikuwa tukitaniana sana. Siku ile hakutania. Aliweka glasi mbele yangu, glasi safi ya kioo ya wageni, na ndani yake maji ya rangi ya chai iliyochujwa vibaya. Juu yake palitanda utando wa oili uliong'aa rangi rangi.

"Nusa," akasema.

"Nimeshanusa, mwalimu. Nimenusa tangu mlangoni."

"Ni nini?"

"Unajua ni nini."

"Mimi najua. Nataka unitajie wewe."

Nikasema, "Ni choo."

"Haya. Na yanatoka kwenu huko juu, shehe wangu."

Nilikasirika. Nilimwambia mtaa wetu ni wa watu wa heshima, watu wanaoswali.

"Sijauliza wanaswali mara ngapi," akasema. "Nauliza wakishiba wanakwenda wapi."

Bwana afya alikuja wiki ile ile, kijana mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Alichota maji, akayatia kwenye vichupa, akaacha dawa ya kutibu kisima na maagizo ya kuchemsha. Kabla ya kuondoka aliniambia mimi na mwalimu mkuu, tumesimama hapo hapo kisimani, kwamba atarudi mvua za mwaka unaofuata zikianza. Akiyakuta maji katika hali ile, kisima kitafukiwa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Kufukiwa kwa kisima kulikuwa na maana moja tu, na sisi sote watatu tuliijua. Uji ungekoma, au watoto wa miaka saba wangebeba ndoo kuvuka barabara kuu ya malori kwenda kutafuta maji ya kuupikia. Tulikuwa na kiangazi kimoja cha kukiokoa.

Kwanza tulifanya kama watu waliosoma, tukaandika barua. Ofisi ya elimu ikatujibu kwamba mtaro si wao, ni wa barabara. Barabara wakasema mtaro kweli ni wao, lakini kinachopita ndani yake ni mambo ya afya. Afya wakasema wao wameshapima, sasa ni kazi ya mtaa. Mtaa ukatuambia tuandike barua. Mwalimu mkuu alizitoboa barua zote akazitia kwenye faili, akaniambia, "Ukiwa huna usingizi, shehe, njoo nikuazime usome." Hakungoja. Aliwatoa wanafunzi wakubwa na majembe, wakainua tuta kati ya mtaro na uwanja, wakapanda matete juu yake ili yashike taka. Wakazibua daraja lililokuwa limezibwa na chupa za plastiki, mifuko, na godoro zima la mtoto. Ilikuwa kazi nzuri, na nilimwombea dua. Lakini tuta halimchagui anayepita juu yake, na matete hayazuii kilichoyeyuka.

Ilibidi twende juu. Tuanzie kwenye chanzo.

Mimi nilikuwa nimeshaamua wenye makosa ni nani. Niliwataka mafundi wa gereji waliokuwa wakimwaga oili chafu kando ya mtaro, na wale walipewa maneno yao na wakachimba shimo la kuiwekea. Nilipata raha kuwakemea, maana hawaji msikitini kwangu. Kisha nikapita duka la vifaa vya ujenzi, la Mwislamu mwenzetu wa asili ya Kihindi, ambaye hata babu yake alizaliwa Tabora. Nilitaka tu anitajie gereji nyingine. Alinisikiliza huku akikunja kipande cha mpira, halafu akasema taratibu:

"Shehe, mimi nauza bomba. Mwezi mmoja kabla ya mvua, bomba za inchi nne zinaisha dukani. Kila mtu ananiambia ni ya maji ya bati. Nyumba zenyewe hazina hata mfereji wa bati."

"Kwa nini hukuwahi kusema?"

"Niseme nini? Kila anayenunua ananikuta msikitini."

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze. Choo cha shimo kikijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia vichochoroni mwetu. Basi mwenye nyumba hutoboa shimo lake kwa pembeni, akalaza bomba chini ya mchanga mpaka ukingo wa mtaro, akaziba mdomo kwa tambara au gunzi la hindi. Mvua kubwa ikija, ile ambayo hakuna anayetembea nje, anatoka na mwavuli, anachomoa kizibo, na shimo linajimwaga lenyewe. Tunaita kutapisha choo. Mvua inachukua. Anarudisha kizibo, ananawa mikono, anaingia ndani kunywa chai na familia yake.

Siwezi kusema sikujua. Watoto wa kwetu wanajua. Lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba jirani yake anakoroma. Sikuwahi kuufuata mtaro kwa mawazo. Mawazo yangu yaliishia pale maji yalipopinda kona.

Tuliufuata mtaro kwa miguu, mimi na mwalimu mkuu, asubuhi tatu za Jumamosi, mchanga umekauka, yeye na chaki, mimi na fimbo. Kila nilipogonga pakasikika plastiki tulifukua, na yeye akatia alama ya chaki kwenye jiwe la juu. Midomo ya mabomba ilikuwa mingi kuliko milango ya nyumba. Kuna waliofunika kwa majani, kuna waliopanga mawe vizuri kabisa kama kaburi. Mama mmoja alitoka na upawa mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Bomba hili la nini?"

"La maji ya kuoshea vyombo."

Mwalimu mkuu akainama, akachomoa gunzi, akarudi nyuma haraka. "Vyombo vyenu mnalia nini humo, mama?"

Yule mama akacheka mpaka akaegemea mlango, kisha akaona sisi hatucheki.

Mzee mmoja akalalamika kwamba alama ya chaki ni msalaba na mtaa wetu ni wa Waislamu. Mwalimu mkuu akaufuta kwa kiganja. "Basi nachora duara, mzee wangu. Duara halijabatizwa." Tangu hapo alichora duara, na la kwanza alilichora pale pale, mbele ya nyumba ya mzee.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya mfanyabiashara wa nafaka ambaye nilimfundisha tangu alifu. Yeye ni mjumbe wa kamati ya shule, na mtoto wake yuko darasa la pili. Hakukataa kwamba bomba ni lake. Alitutolea viti.

"Kila mtu anatapisha, shehe. Nikiacha mimi peke yangu, kisima kitapona?"

"Mwanao anakunywa pale," nikamwambia.

Akanitazama kwa upole, kama mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu wake. "Lakini si wewe uliyetufundisha? Maji yakiwa mengi hayanajisiki. Na mvua ile ni maji mengi sana. Mimi huwa nangoja mpaka iwe nyingi kweli."

Mwalimu mkuu alinigeukia.

Ni kweli nilifundisha. Fiqhi yetu inasema hivyo, maji yakifika kiasi fulani, uchafu ukiingia hayawi najisi, isipokuwa yamebadilika rangi, au ladha, au harufu. Nililifundisha somo hilo mwaka mmoja wa ukame, baada ya swala ya magharibi, kwa sababu watu wa Igalula na Goweko waliokuja mjini kuuza kuku walikuwa wakiuliza kama wanaweza kutawadha kwenye malambo wanakonywea ng'ombe. Nilitaka kuwaondolea shida. Nakumbuka muda wa isha ulikuwa umekaribia. Lile neno la isipokuwa nililisema. Naapa nililisema. Lakini nililisema kama mtu anayeaga huku ameshavaa viatu.

"Nilisema yakibadilika rangi, ladha au harufu, basi," nikamwambia.

"Hilo sikulisikia," akasema, na naamini hakunidanganya.

Nilitoka pale bila kuaga. Tulibakiza kipande cha juu kabisa cha mtaro, nyuma ya msikiti. Nilitaka tukiache. Nilisema jua limekuwa kali na hapo juu hakuna nyumba. Mwalimu mkuu alisema, "Twende tu, shehe wangu, tumalize," na akapunguza mwendo ili nitangulie. Nikaelewa baadaye kwamba alikuwa ameshapita hapo peke yake, na ameshaona, na hakutaka awe yeye wa kunionyesha.

Bomba la hapo lilikuwa nene kuliko yote. Halikufunikwa kwa majani wala mawe. Lilijengewa saruji, kazi ya fundi, na kizibo chake kilikuwa kifuniko cha ndoo kilichofungwa waya. Lilitoka moja kwa moja kwenye karo la vyoo vya msikiti, ukuta wa pili kutoka mahali ninaposimama kuelekea kibla.

Mwangalizi wa msikiti, ambaye ndiye muadhini wetu, ni mtu tuliyekua naye. Tulikalia mkeka mmoja chuoni. Hajawahi kuchelewa alfajiri hata siku ambayo alimzika mkewe jana yake. Nilimkuta anafagia baraza.

"Hilo bomba la nyuma," nikasema.

"Eh, lina nini?"

"Nani analifungua?"

"Mimi." Akaendelea kufagia. "Nani mwingine? Mvua ikizidi, adhuhuri ikishapita, wewe ukiwa umelala kidogo. Nafungua, linakwisha, nafunga. Alasiri unakuta vyoo vyepesi, unatawadha kwa raha. Nasema bismillahi kwanza."

Aliposema hivyo kitu kilikatika ndani yangu. Nilimpigia kelele rafiki yangu wa utotoni kwenye baraza la nyumba ya Mungu, mchana kweupe, watu wakatoka madukani. Nilimwambia amewanywesha watoto kinyesi cha waumini. Nilimwambia mengine ambayo nimeshayaombea msamaha kwa Mungu, na kwake pia. Yeye alisimama na ufagio wake. Nilipoishiwa pumzi akasema, si kwa hasira, "Shehe, na miaka yote hii wewe ulidhani kinakwenda wapi?"

Ningekuwa na jibu nisingekasirika kiasi kile.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, kabla watu hawajainuka, niliwaomba wakae. Nilikuwa nimeagiza kwa mwalimu mkuu maji aliyokuwa ameyahifadhi tangu masika, chupa aliyoifunga vizuri kwa ajili ya bwana afya. Nikayamimina kwenye ile glasi yake ya wageni, nikaiweka juu ya sinia mbele ya mihrabu. Harufu ikatembea safu kwa safu. Nikauliza nani atayatawadhia. Nikauliza nani atayanywa.

Mzee mmoja wa kamati ya msikiti alisimama. "Shehe, kwa heshima zote, unaingiza najisi msikitini."

"Sikuiingiza, bwana mkubwa," nikasema. "Nimeirudisha kwao."

Nikalifundisha lile somo upya, lote, na mara hii nilianza na neno la isipokuwa. Rangi, nikainua glasi. Harufu, nikaisogeza kwa walio mbele. Ladha, nikasema, kawaulizeni watoto wenu. Kisha nikawaambia vyoo vya msikiti vimefungwa tangu saa ile, bomba litang'olewa, na mpaka litakapong'olewa kila mtu atatawadha kwake. Walinung'unika. Wapo waliosema nimewaaibisha mbele ya Wakristo, na mmoja aliniuliza mlangoni kama siku hizi ninaswalishwa na mwalimu mkuu. Nilimjibu kwamba ningejua mapema nisingengoja mwanamke wa Ulyankulu anifundishe twahara.

Muadhini alikuwa wa kwanza kushika sururu. Tulichimba shimo jipya upande wa pili, mbali na mteremko, tukaling'oa lile bomba, tukajaza saruji mahali pake. Mfanyabiashara wa nafaka alileta mifuko ya saruji na maneno matamu. Nyumba nyingi zilifuata. Nilipita kila jioni kabla ya magharibi nikihesabu maduara ya chaki yaliyofutwa, na kwa kila lililofutwa nilimshukuru Mungu. Lakini hayakufutwa yote. Wapo waliosema watang'oa kesho. Wapo waliofuta duara na kuliacha bomba.

Mvua ilianza tena, mchana, kama ile ya mwaka uliopita. Tulikuwa shuleni kisimani, mimi, mwalimu mkuu na muadhini, tumejikunyata chini ya bati la ofisi. Maji ya kwanza kwenye mtaro yalikuja na rangi ya mchanga wetu, mekundu kidogo, maji ya haki. Muadhini akanishika mkono. Kwa muda wa kama robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tabora. Halafu harufu ikaja. Kidogo kwanza, kisha kwa wingi, na mtaro ukafura, ukalipanda tuta, ukayalaza matete, ukaingia kisimani mbele ya macho yetu kwa sauti ya maji yanayomiminwa kwenye mtungi.

Mwalimu mkuu alisema, "Wangapi hao?"

"Wanne, watano," nikasema.

"Watano wanatosha," akasema, akaingia ofisini akafunga mlango.

Bwana afya alikuja keshokutwa yake na vichupa vyake. Wiki iliyofuata likaja lori la mawe. Nilisimama mpaka mwisho, maana niliona si adabu kukiacha peke yake kitu kilichowanywesha watu tangu zamani za wapagazi. Mawe yalipoanza kuingia yalikuwa yakilia majini. Baadaye yakawa yanagongana yenyewe kwa yenyewe. Juu wakamwaga zege, na sasa watoto wanarukia kamba hapo.

Wananiambia nisamehe. Mtu wa dini hana budi kusubiri na kushukuru, na ninayo ya kushukuru. Watoto hawavuki barabara kuu. Wanapanda kwetu na ndoo zao asubuhi, wanachota kwenye tangi jipya la msikiti linalokinga maji ya bati, na muadhini anawapangia foleni kwa ufagio. Kila mtoto anamwambia shikamoo babu, naye anaitikia kila mmoja marahaba, hata wakiwa mia. Sijawahi kumwona akikaa chini mpaka wa mwisho aondoke. Yeye ameshalipa kwa njia yake. Lakini mtaro bado unapita uwanjani, watoto bado wanauchezea miguu mitupu, na sidhani kama Mungu alinipa subira ili niitumie kwa jambo hili.

Juzi mvua kubwa ilikuja baada ya adhuhuri. Siku hizi silali tena saa hizo. Nilichukua mwavuli na fimbo, nikatia mfukoni ile glasi ya mwalimu mkuu, ambayo hajataka nimrudishie, nikashuka nikiufuata mtaro. Muadhini akanifuata na gunia kichwani.

"Shehe, utaugua."

"Nitaugua. Wewe angalia upande wa kushoto."

Tulipita mdomo kwa mdomo. Saruji, saruji, mawe yasiyotoa kitu. Kisha chini ya nyumba ya mfanyabiashara wa nafaka, yule aliyeleta mifuko kwa msikiti na kunibusu mkono, muadhini akasimama, akanyoosha kidole. Duara la chaki lilifutwa tangu kiangazi. Bomba lilikuwepo, na lilikuwa linatapika.

Niligonga mlango wake kwa fimbo mpaka akatoka, kikombe cha chai mkononi, mvuke unamfuka usoni.

"Shikamoo, shehe. Mvua yote hii?"

"Marahaba," nikasema, nikampa glasi. "Weka chai chini. Twende ukanichotee."